Simiti Juu ya Chokaa

Kipupwe kilipoingia Likoni, watu wa mtaa wa Shika Adabu walitoa ndoo na brashi zao kama ilivyo ada. Ndiyo miezi ambayo jua halichomi, upepo wa kusi unakuja na manyunyu ya alfajiri, na mwenye nyumba, kama ana haya, hupanda juu akapigilia misumari ya mabati iliyolegea, akazoa majani kwenye mfereji, akakwangua ukungu, akapaka chokaa. Katika nyumba ya marehemu mzee Mbwana kazi ilikuwa nyingi kuliko mikono, na hata hiyo mikono iliyokuwepo haikuwa ikisaidiana.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya mawe ya matumbawe na udongo, vyumba vitatu kila upande na ujia katikati uliotoka barazani hadi uani. Mzee Mbwana alipofariki, urithi uligawanywa kwa sheria: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Matano, mwanawe wa kiume, akapata vyumba vinne. Dada yake, Mwanasaumu, aliyemzidi miaka mitatu na aliyemuuguza baba yao mpaka siku ya mwisho, akapata viwili. Sheria aliikubali. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba ndugu yake aliipokea hesabu ile bila kumtazama usoni, akatoa funguo za vyumba vyake mfukoni siku hiyo hiyo kama mtu aliyekuwa amezikata mapema.

Tangu hapo miaka mitatu ilipita na hawakusemeshana. Si kwamba walinyamaza. Walisema sana, ila walimsemesha Nafula, mpangaji wa Matano, mwanamke wa Kimilili aliyefanya kazi kiwandani Changamwe na ambaye hakumkosea mtu yeyote katika nyumba ile.

Jumamosi moja ya Julai, Matano alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pake, akinoa tindo ambalo hakuwa na kazi nalo. Ng'ambo ya ujia mlango wa dada yake ulikuwa wazi. Jalila, bintiye Mwanasaumu, alikuwa amepiga magoti, kitambaa puani, anasugua ukuta kwa brashi ya waya. Ilikuwa Jumamosi ya saba mfululizo. Kila wiki aliusugua ukungu mweusi kwa sabuni na dawa ya madoa mpaka ukuta ukawa safi, na kila wiki, kufika Jumatano, ukungu ulikuwa umerudi, umepanda kutoka sakafuni hadi kiunoni mwa mtu, na rangi ya mafuta imevimba malengelenge.

Maji ya povu yalitoka chini ya mlango, yakavuka ujia, yakafika kwenye kandambili za Matano.

"Nafula," Matano alisema bila kuinua kichwa, "mwambie mwenye vyumba viwili kwamba ujia si mfereji."

Nafula alikuwa anatoka uani na mswaki mdomoni.

"Nafula," sauti ya Mwanasaumu ikatoka chumbani, "mwambie mwenye vyumba vinne ainue miguu. Maji yatapita, hayana haja naye."

Kisha akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mtu aliyepaliwa. Kilianza chini, kikajikokota, kikapanda kwa mluzi mwembamba, na baada yake palikuwa na muda mrefu wa kungoja kama pumzi itafuata. Ilifuata.

Nafula alitema povu lake nje ya mlango wa uani. "Mimi nilipanga chumba hapa, sikuandikwa kazi ya posta. Mko hatua nne, na kila mmoja amemsikia mwenzake. Sasa nibebe nini?"

"Mbebee salamu," Matano alisema.

"Salamu zake akae nazo," ikajibu sauti ya chumbani.

Jalila alitoka na ndoo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mwenye adabu iliyonyooka, na hata katika vita vile hakuacha kumwamkia mkubwa wake. "Shikamoo mjomba," alisema, macho yakitazama juu ya kichwa cha Matano.

"Marahaba," Matano alijibu, akilitazama tindo.

Basi. Akapita kumwaga maji.

Habari ya chumba kile nyumba nzima iliijua, kwa sababu katika nyumba kama ile hakuna linalofichika. Daktari alikuwa amemwambia Jalila wazi kwamba mamake asilale mwezi mwingine kwenye unyevu ule. Ama ukungu utoke, ama mama atoke. Na Jalila, aliyekwisha kusugua mpaka ngozi ya vidole ikambambuka, alikuwa amepata vyumba Kisauni, ghorofa ya pili, pakavu. Mwisho wa mwezi wangehama. Mwanasaumu alizaliwa katika chumba kile kile. Wiki nzima alikuwa akitia vyombo vyake kwenye maboksi kwa mikono mizito, akivifunga leo na kesho yake kuvifungua, akidai kuna kitu amekisahau ndani.

Matano alijua kilichokuwa kikiuharibu ukuta. Alijua tangu siku ya kwanza. Hilo ndilo lililomkalia shingoni.

Ujana wake wote alikuwa fundi wa chokaa. Ukuta ule ule, wakati yeye ana miaka kumi na saba, waliukandika pamoja na baba yake, katika kipupwe kama hiki, kwa kuwa chokaa haipendi jua kali. Inataka ikauke polepole kwenye ubaridi. Alijua kwamba nyumba ya matumbawe haina msingi wa kuzuia maji. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na chokaa huyaachia njia, yakatoka nje kidogo kidogo, upepo ukayachukua. Ukiipaka nyumba hiyo simiti, umeifunga mdomo. Maji hayaachi kupanda. Yanakosa pa kutokea nje, basi yanaingia ndani.

Na mwaka uliopita Jalila alikuja na simiti.

Alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, karani katika ofisi ya mizigo kule Airport, na kwa akiba yake ya mwanzo alitaka kumfurahisha mama. Alimleta Oduor, fundi hodari wa nyumba za kisasa, akambandulia mama yake chokaa yote kuukuu, akapiga plasta ya simiti ndani na nje, akamaliza kwa rangi ya mafuta ya samawati. Siku ya kwanza ya kazi Matano alisimama kwenye kichochoro akawatazama. Akasahau kwamba hasemi na watu wale.

"Msitie simiti hapo," alisema. "Ukuta huu una pumzi zake."

Jalila alicheka, si kwa ubaya. "Mjomba, siku hizi kila mtu anatumia simiti. Chokaa imepitwa."

Pengine yangeishia hapo. Lakini Mwanasaumu alitokeza kichwa dirishani, na majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika. "Mwache huyo," alimwambia bintiye kwa sauti ya kutosha watu wote. "Ana wivu. Yeye vyumba vyake vinamwagika mchanga. Alichukua maradufu yangu, sasa anataka anichagulie na rangi."

Watu walicheka. Matano alijongea katikati yao. Akainua mkono wa kulia mbele ya wote, akasema, "Wallahi wabillahi watallahi, mimi juu ya ukuta huu sitatia tena neno wala mkono, mpaka nife."

Na hakutia. Mvua za masika zilipofika, ukuta ukaanza kutoa jasho. Mwezi wa Mei ukungu wa kwanza ukaota nyuma ya kitanda cha Mwanasaumu. Matano aliuona siku moja alipopita mlangoni, na ni aibu kulisema hili, lakini alifurahi. Alikwenda barazani akakaa na furaha yake kama mtu aliyenunua kitu kizuri. Furaha ile ilidumu wiki mbili hivi. Kisha kikohozi kikaanza, na kila alfajiri alipoamka kutawadha alikisikia kikivuka ujia, na kila alfajiri alijiambia: nimeapa.

*

Jumamosi ile ile adhuhuri, Oduor alifika kuutazama ukuta. Jalila alikuwa amempigia simu. Aligonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akasikiliza, akakuna kidevu.

"Maji yanaingia kutoka nje," aliamua. "Tutaongeza plasta ya pili huku kichochoroni, yenye dawa ya kuzuia maji. Kesho asubuhi nakuja na vijana wangu, jioni tumemaliza. Hapo hata mvua ya gharika haipiti."

Matano alikuwa nje kwenye kichochoro, amejifanya anarekebisha kizibo cha pipa lake la maji. Aliposikia plasta ya pili, kizibo kilimponyoka. Udongo ulioshika mawe yale ulikuwa umelowa mwaka mzima. Ukiufungia tena kwa nje, hutakikausha chumba. Udongo utaoza, na ukuta utakuja kukaa chini siku moja bila kuaga.

Oduor alimwona. "Mzee, shikamoo. Nimeambiwa wewe ulikuwa fundi zamani. Wasemaje?"

Matano alifungua kinywa. Nyuma ya Oduor walisimama Jalila na Nafula, na dirishani, kwenye kivuli, kulikuwa na uso wa dada yake uliokonda, midomo imekuwa ya kijivu. Wote walimngoja.

"Mimi nimeapa," alisema. "Muulizeni mwenye nyumba."

"Usimsumbue, Oduor," Jalila alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yeye hawezi kukwambia, kwa sababu yeye ndiye mwenye maji. Bafu lake liko nyuma ya ukuta huu. Maji yake ya kuoga yanakwenda wapi? Wiki saba nasugua najiuliza, nasema hapana, ni mjomba wangu, hawezi."

"Maji yangu yana bomba," Matano alisema. "Yanakwenda shimoni."

"Naye mama anakwenda wapi?" Jalila alimsogelea. Machozi yalikuwa karibu lakini hakuyaachia. "Ukibaki na vyumba sita utalala kwenye vipi, mjomba? Utavihesabu kila usiku? Unamuua mama polepole, na huku unaitikia shikamoo zangu."

Nafula alimshika mkono. "Jalila, basi. Huyo ni mzee."

"Namjua ni nani."

Matano aliokota kizibo chake. Angeweza kusema: nenda ukaangalie bomba. Angeweza kusema mambo mengi. Lakini katika yale aliyoambiwa, la maji lilikuwa uongo na la kumuua mama wa Jalila lilikuwa kweli, naye hakujua namna ya kulikana moja bila la pili kubaki limesimama mbele yake.

*

Baada ya swala ya alasiri alibaki msikitini mpaka watu wakapungua. Maalim Suleiman, aliyekuwa akiswalisha hapo na ambaye walisoma chuo cha Kurani pamoja utotoni, alikuwa anakunja mikeka iliyoingia unyevu ili ikaanikwe.

"Maalim," Matano alisema, akishika upande wa pili wa mkeka, "kuna mtu mmoja aliapa asifanye jambo fulani. Sasa ameona kwamba kulifanya jambo lile kuna heri kuliko kuliacha. Amefungwa?"

"Hakufungwa. Alifanye lile lenye heri, kisha atoe kafara ya kiapo chake. Alishe maskini kumi, au awavishe."

"Na akiwa yeye mwenyewe ni wa kulishwa?"

"Afunge siku tatu." Maalim aliuweka mkeka chini akamtazama. "Huyo mtu hakuyajua haya? Tulifundishwa tukiwa na miaka kumi, mimi na wewe na yeye."

Matano alianza kuukunja mkeka upya.

"Basi mwambie kwamba hicho alichojifichia nyuma yake si kiapo," Maalim alisema. "Amekuwa akimtaja Mwenyezi Mungu ili apate kumkomoa binadamu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno. Na umwambie aniachie mkeka wangu, anaukunja vibaya."

*

Jumapili, jua likiwa halijapanda juu ya mabati, Matano alikwenda kichochoroni na nyundo na tindo. Hakumwamsha mtu. Alipima kwa jicho, akaweka ncha ya tindo kwenye plasta ya simiti, karibu na usawa wa goti, akapiga.

Mpigo wa tano kipande cha ukubwa wa sinia kilianguka. Wa kumi, kingine. Mbwa wakaanza kubweka. Dirisha la Mwanasaumu likafunguliwa, likafungwa. Jalila akatoka mbio, leso mabegani, kichwa wazi, na nyuma yake Nafula akiwa na kijiko cha chai mkononi.

"Anabomoa," Jalila alisema, kwanza kama anayejisemea. Kisha kwa majirani waliokuwa wakitoka, "Mnaona? Mnaona wenyewe? Hakuweza hata kungoja tuhame."

Matano aliendelea kupiga. Jalila akaushika mpini wa nyundo ukiwa hewani. Wakabaki wameushika wote wawili, mtoto na mjomba, kila mmoja akivuta.

"Niachie," Matano alisema.

"Sikuachii."

"Basi tia mkono wako hapo. Tia mkono, kisha uniite utakavyo."

Alimshika kifundo cha mkono, si kwa upole, akaukandamiza mkono wa msichana kwenye jeraha la ukuta. Jalila alitaka kuuchomoa. Hakuuchomoa. Chini ya simiti kavu, ngumu, udongo ulikuwa laini kama tope la mpunga, na maji yalitoka katikati ya vidole vyake, ya baridi, meusi, yenye harufu ya mtungi wa zamani.

"Haya hayakutoka bafuni kwangu," Matano alisema. "Wala hayakutoka mvuani. Yanatoka chini. Yalikuwa yakitoka tangu baba yangu anajenga, na chokaa ikiyatema nje. Wewe umeyafungia ndani na mama yako."

Oduor alikuwa amefika, vijana wake wawili nyuma na mkokoteni wa simiti. Aliupenya umati, akachuchumaa, akatia vidole, akanusa. Alipoinuka alivua kofia yake.

"Jalila, mzee yuko sawa," alisema. "Nyumba nilizojenga mimi zote ni za bloku. Huu ukuta sikuujua, na sikuuliza. Kosa ni langu." Akawageukia vijana. "Teremsheni nyundo. Simiti ibaki hapo hapo."

Jalila hakumtazama Oduor. Alikuwa bado anautazama mkono wake uliolowa.

"Mjomba, mbona hukusema?"

"Nilisema. Mkacheka. Nikaapa."

"Ukanyamaza mwaka mzima."

"Mwaka mzima."

"Na ulikuwa ukimsikia akikohoa."

Mahali fulani redio ilikuwa ikisoma bei za soko.

"Nilikuwa nikimsikia," Matano alisema.

Jalila alijifuta mkono kwenye leso, polepole, kidole baada ya kidole. "Jana nilidhani wewe ni mwizi wa vyumba," alisema. "Nilikuwa nimekusifu. Mwizi angalau anataka kitu." Akageuka akaingia ndani, na hakumwamkia tena kwa siku nyingi.

*

Siku mbili walizokaa kuibandua simiti yote, ndani na nje, Matano na Oduor na vijana wale, hakuna aliyewaletea hata maji isipokuwa Nafula. Chumba kilibaki mifupa: mawe na udongo, madirisha wazi, upepo wa kusi ukipita humo. Oduor aliuliza kila kitu kama mwanafunzi. Matano alimjibu kwa maneno machache. Ukuta ungengoja wiki sita, pengine nane, ukauke; ndipo waweke chokaa iliyorowekwa vizuri, koti moja jembamba, lingoje, kisha jingine.

Wiki hizo nane Mwanasaumu angelala wapi? Kisauni vyumba vilikuwa tayari. Gari la kubebea vitu lilikuwa limeshaagizwa. Jumatatu jioni Mwanasaumu alisimama katikati ya ujia, maboksi yake pande zote, fimbo mkononi, kifua kikipiga filimbi.

"Nafula," alisema, "mwambie mwenye vyumba vinne anipishe kimoja. Cha mbele, chenye madirisha mawili."

"Mama," Jalila alisema, "gari linakuja Alhamisi."

"Lije lirudi. Mimi nikivuka kivuko na maboksi haya sitarudi tena, najijua. Mtu wa umri wangu harudi. Nitakaa hapa nikiutazama ukuta wangu ukikauka."

"Utakaa kwake? Baada ya aliyoyafanya?"

"Kwake?" Mwanasaumu alikohoa, akangoja, akapata pumzi. "Chumba hicho ndicho nilichomwogeshea baba. Nafula, umemwambia?"

Nafula alimtazama Matano, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

"Amesikia," Nafula alisema.

"Mwambie achukue," Matano alisema.

Mwanasaumu aliingia siku hiyo hiyo, na kwanza kabisa alitaka ufagio. Chumba cha mbele kilikuwa cha mwanamume anayeishi peke yake tangu mkewe alipofariki: magazeti ya miaka, mikebe ya rangi iliyokauka, utando wa buibui kwenye kila pembe, na chini ya kitanda viatu ambavyo Matano mwenyewe alikuwa amekwisha kuvisahau. Mwanasaumu alikaa kitini mlangoni, leso imefungwa puani, akaelekeza kwa fimbo, huku Jalila akitupa vitu nje bila kuuliza cha nani. Walipiga deki mara tatu. Walipangusa dari. Matano aliona nusu ya maisha yake ikipita ujiani kwenda jaani. Alipojaribu kuuokoa mkebe mmoja wenye misumari mizima, fimbo iligonga sakafu.

"Nafula, mwambie tunafagia uchafu, asogee tusimkanyage."

Jumanne asubuhi Mwanasaumu alikunywa chai ya tangawizi barazani, na kwa kuwa alikuwa chini ya paa la mtu, alimtuma Nafula ampelekee mwenye paa kikombe. Kikombe kilirudi kimejaa. Jumatano kikarudi kimejaa. Alhamisi vile vile.

"Sasa chai yangu ina sumu," Mwanasaumu aliiambia baraza.

Lakini Alhamisi magharibi, adhana ilipoanza, alimwona ndugu yake amechuchumaa karibu na pipa la maji, peke yake, akinywa maji kwa kata kama mtu aliyetoka safari. Mwanasaumu aliitazama shingo yake ikimeza. Kisha akazungumza, na hakumtaja Nafula.

"Umefunga."

Matano alipaliwa. "Ndiyo."

"Siku tatu. Kafara ya nini?"

"Ya kile kiapo cha ukuta."

Mwanasaumu aliegemea fimbo. Manyunyu yalikuwa yameanza, membamba, yakipiga mabati kama mchele unaopembuliwa.

"Siku tatu ni chache," alisema.

"Maalim amesema tatu."

"Maalim hakukohoa."

Akaingia ndani.

Ijumaa asubuhi chai ilipikwa. Nafula alikipeleka kikombe, akarudi nacho. "Amesema amefunga tena," alisema. "Amesema ataendelea mpaka ukuta ukauke. Mama Jalila, huyo mzee ataanguka huko kichochoroni, ana kazi ya kuchunga mchanga leo. Wiki nane, jamani. Mimi sitaki kufiwa na mwenye nyumba."

Mwanasaumu aliinuka mwenyewe. Alikichukua kikombe, akashuka ngazi ya baraza, akaufuata ukuta mpaka kichochoroni, akisimama kila hatua kadhaa apumzike. Matano alikuwa ameinama juu ya chekeche la mchanga, macho yameingia ndani. Mwanasaumu alikiweka kikombe juu ya jiwe mbele yake.

"Kunywa."

"Nimefunga."

"Hiyo ya leo si ya faradhi. Kunywa. Mimi nilijua."

Matano aliacha kuchekecha. "Ulijua nini?"

"Kwamba ni simiti. Tangu Mei. Nani aliyekuwa akiwachungia chokaa wewe na baba, akiungua mikono, na hakuna wa kumshukuru? Ukuta ulipotoa jasho mara ya kwanza niliugusa, nikajua."

Matano alimtazama dada yake: mabega yaliyopanda kwa kutafuta hewa, midomo ile ya kijivu, macho yaliyokuwa hayana hata chembe ya kuomba radhi.

"Miezi yote hiyo ukijua," Matano alisema. "Umemwacha mtoto asugue mpaka vidole vikatoka damu. Umenyamaza."

"Nikiri kosa, nikupe wewe raha hiyo?" Mwanasaumu alisema.

Kichochoroni hapakuwa na mtu wa tatu wa kubeba maneno. Matano alikaa chini juu ya rundo la mchanga, akakichukua kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa imeshapoa. Aliinywa yote, na dada yake alisimama palepale, akingoja kikombe chake.